Ua la Sebuleni Linaloweza Kumfunga Mtoto Ulimi

Ingia afisi nyingi za katikati ya jiji la Nairobi na huenda pale mapokezi ukakuta mmea wenye shina nene kama muwa, na majani mapana ya kijani yenye madoadoa meupe. Ndio huohuo unaouzwa na wakuza miche kandokando ya Ngong Road, na kupamba sebule za Kilimani, Lavington na Westlands. Hauhitaji jua kali wala maji mengi, ndiyo maana unapendwa.

Unaitwa Dieffenbachia. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwaka wa 1829 mtaalamu wa mimea Heinrich Schott aliupa jina hilo kwa heshima ya Joseph Dieffenbach, mtunza bustani wa kasri la Schönbrunn, Vienna. Waingereza nao waliuita muwa wa bubu, na hapo ndipo penye jambo kwetu sisi wazazi.

Ndani ya majani na shina mna fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zilizochongoka kama sindano. Mtoto akitafuna jani, humchoma midomo, ulimi na koo. Hulia kwa maumivu, mate humtoka, ulimi huvimba, na huenda akashindwa kusema kwa muda. Aliyewahi kula nduma isiyoiva vizuri anaujua kidogo mwasho huo, kwani nduma na mmea huu ni wa ukoo mmoja.

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye simu kwamba mmea huu humuua mtoto kwa dakika moja. Si kweli. Vifo ni nadra mno, na wengi hupata nafuu baada ya saa au siku chache. Hatari yenyewe ni koo kuvimba hadi pumzi zizibe.

Mtoto akiutafuna, mtoe vipande kinywani, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha umpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe, koo litachomwa mara ya pili. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 au zaidi, halafu umwone daktari. Akipumua kwa shida au akishindwa kumeza, usingoje matatu ijae: mkimbize hospitali iliyo karibu, na ubebe jani daktari alione.

Si lazima uung'oe. Uweke mahali mtoto asipofika, na majani yakianguka yaokotwe upesi. Mwonyeshe yaya pia, kwani mara nyingi ndiye anayeshinda na mtoto. Ukiupogoa, vaa glavu.