Masharti ya dawa yanajulikana na wote, lakini siri bado inalindwa

Si lazima mtu wa Kyavinyonge awe mpiganaji ili ajue masharti ya dawa ya Mai-Mai. Mwuza samaki anayajua, mvuvi anayajua, mwanafunzi vilevile. Mpiganaji aliyenyunyiziwa maji hapewi mkono. Haguswi na mwanamke. Haibi. Haogi na sabuni, na kuna vyakula ambavyo hali. Vitani hageuki nyuma na haogopi. Akija kununua kitu sokoni, pesa na bidhaa huwekwa chini, kila mmoja akaokota chake.

Lakini ukiuliza maji yale yametengenezwa kwa majani gani, nani aliyachota, na ni maneno gani yalisemwa juu yake, mazungumzo yanakatika. Anayejua hasemi. Asiyejua naye hataki kuonekana kama anayetafuta kujua.

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Eduardi, kimezungukwa na Parki ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni moja ya vituo vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria kwenye ziwa hilo, upande wa Congo. Kwa miaka mingi watu wake wameishi kati ya walinzi wa parki, wanajeshi wa majini na vikundi vya Mai-Mai, na mapigano yamewakuta mlangoni zaidi ya mara moja. Katika maisha ya namna hiyo, kujua nani haguswi na kwa nini ni jambo la usalama, kama kujua saa ambayo pirogi haziruhusiwi kutoka.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo watu wa mbali hawalielewi. Mara nyingi hudhaniwa kwamba ibada ya siri ikishajulikana, siri imekufa. Kwa dawa ya Mai-Mai ni kinyume. Masharti yake hayawezi kufichwa, kwa sababu mtu anayekatazwa kuguswa hawezi kuishi kati ya watu wasiojua kwamba haguswi. Lazima jirani ajue. Lazima mama wa sokoni ajue. Kwa hiyo nusu ya ibada ilitangazwa tangu mwanzo, na ile nusu nyingine ikabaki kwa mtengeneza dawa, ambaye wapiganaji humwita dokta.

Kutangazwa huko kuna gharama, na anayeilipa si dokta. Raia akishajua masharti, anakuwa na wajibu wa kuyatunza hata kama hakuapa, hakunyunyiziwa na hakuombwa kukubali. Mpiganaji akipigwa risasi, swali la kwanza ni nani aliharibu dawa. Lawama inaweza kumwangukia marehemu mwenyewe, lakini inaweza pia kumwangukia mwanamke aliyepita njia asiyopaswa kupita. Huyo hawezi kusema kwamba hakujua, maana kila mtu anajua.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1964 Wasimba walipoteka miji ya mashariki mmoja baada ya mwingine hadi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, habari za maji yao zilitangulia mbele yao. Askari wa serikali walizisikia, na kambi nzima zilikimbia kabla ya risasi kulia. Kama masharti na nguvu za maji yale vingekuwa siri kamili, visingemtisha mtu yeyote.

Mwaka uliofuata, 1965, Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kuja kuwasaidia waasi wa upande wa Fizi. Katika maandishi yake ya Congo anaeleza jinsi kamanda mmoja aliyeitwa Lambert alivyomfafanulia dawa bila kuficha: maji ya majani hunyunyizwa juu ya mpiganaji, alama ya makaa huwekwa kwenye paji la uso, kisha masharti matatu. Asichukue kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Guevara aliona haraka mahali penye tatizo. Aliyejeruhiwa huambiwa aliogopa, na nani asiyeogopa vitani? Aliyekufa anaweza kushitakiwa makosa yote matatu, maana hana mdomo tena wa kujitetea.

Ndiyo sababu masharti, kwa kujulikana, yanailinda siri kuliko kuifichua. Kila dawa inaposhindwa, watu hutazama masharti waliyo nayo mbele ya macho na kutafuta aliyeyavunja. Hakuna anayetazama ndani ya chungu. Miaka 60 imepita tangu Wasimba, vikundi vimebadilika majina, wakaja Bangilima na Kasindien katika miaka ya 1990, wakaja Mai-Mai wa kila bonde, na tangu 2023 wengi wao wanaitwa Wazalendo. Chungu bado kimefunikwa.

Sasa kuna simu. Video za Wazalendo wakiwa wamejifunga majani na hirizi zinapita kutoka mkono hadi mkono, kutoka Butembo hadi Goma na hadi Ulaya. Mtu angedhani kwamba hili ndilo lingemaliza kila kitu. Lakini anayeamini hasumbuliwi na video. Kwake, dawa haiishi katika picha wala katika orodha ya majani. Hutoka kwa mtu mwenye haki ya kuitoa na kumfikia aliyekubali masharti. Hata ukijua majani yote, ukayatwanga mwenyewe nyumbani, umepata maji ya kijani tu.

Wayira wana ibada nyingine iliyokuwa na siri ya aina tofauti. Ni olusumba, tohara ya vijana, ambayo Wakonzo wa upande wa Uganda pia wanaifahamu. Haikufanywa kila mwaka. Kwa Wakonzo inaelezwa kwamba ilirudi baada ya miaka 15 hadi 18, hivyo mtoto mdogo na kijana mkubwa waliweza kuingia pamoja. Waliwekwa porini, mbali na wanawake na wote wasiotahiriwa, na huko walifundishwa nyimbo, uvumilivu na mambo ya utu uzima.

Kwamba vijana walitahiriwa, kila mama alijua. Ndiye aliyewatoa nyumbani, ndiye aliyewapokea. Kilichofungwa ni yale yaliyosemwa na kuimbwa huko. Mama aliweza kukisia mengi, na pengine alijua zaidi ya alivyoonyesha, lakini hakusema. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya ibada kama kisu kilivyokuwa. Watu wanaocheka siku hizi kwamba ile haikuwa siri kwa kuwa kila mtu alijua, hawakuelewa kazi ya kunyamaza.

Olusumba haikudhoofika kwa sababu mtu alitoa siri nje. Wamisionari Waasumpsioni walifika Beni mwaka 1929, zikaja shule na hospitali, na leo mvulana anatahiriwa akiwa mchanga mikononi mwa muuguzi, kwa dakika chache. Wazee waliopita porini wanabaki na maneno ambayo hawana wa kumpa. Wakiandika kitabu, watakuwa wamevunja kiapo. Wasipoandika, yatazikwa pamoja nao.

Walega wa Shabunda, Mwenga na Pangi walikwisha kukutana na swali hilo. Bwami yao, jumuiya ya ngazi kwa ngazi ambayo mtu hufundishwa maadili kwa mithali, ngoma na vinyago, ilipigwa marufuku na Wabelgiji mwaka 1948. Miaka michache baadaye Daniel Biebuyck, Mbelgiji mtafiti wa mila, aliruhusiwa kuingia na kuona, na mwaka 1973 akatoa kitabu kinachoeleza ngazi hizo hadi kindi, ya juu kabisa. Vinyago vya pembe za ndovu vimo makumbushoni Tervuren na Marekani, mbele ya macho ya kila mtu mwenye tiketi. Lakini hakuna aliyewahi kuwa kindi kwa kusoma kitabu. Ngazi hupatikana kwa kudhaminiwa na jamaa, kwa kutoa mali na kwa kukaa na wakubwa miaka mingi.

Hivyo kuna kunyamaza kwa namna mbili, na si haki kukuweka katika kapu moja. Mzee wa olusumba na mkubwa wa bwami wananyamaza kwa ajili ya kitu kilichokusudiwa kumkuza mtoto na kumrudisha nyumbani. Dokta wa dawa ananyamaza juu ya kitu kinachompeleka mtoto mbele ya bunduki.

Maana wanaopokea maji si watu wazima peke yao. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuingiza watoto katika majeshi na vikundi vyenye silaha, lakini vikundi vimeendelea kuwachukua. Kijana akirudi nyumbani siku moja kutoka kambini, mama yake anajua tayari cha kufanya. Hampi mkono. Anamwekea sahani chini, anarudi nyuma hatua mbili, naye anakula. Anaweza kutaja masharti yote aliyopewa mwanawe, moja baada ya jingine. Alichoambiwa usiku ule wa maji, na alichokubali, hawezi kukiuliza.