Tusiwapokonye watoto vitabu vya katuni

Swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili: eti mtoto anayesoma katuni anasoma kweli, au anapoteza wakati? Jibu langu ni kwamba anasoma, tena kwa bidii. Hebu nifafanue.

Riwaya ya picha ni kisa kirefu kinachosimuliwa kwa michoro iliyopangwa ndani ya visanduku, pamoja na maneno ya wahusika. Kisanduku kimoja kinamwonyesha mtoto akiwa juu ya mwembe. Cha pili yuko chini, mkono umefungwa bendeji. Kuanguka kwenyewe hakukuchorwa. Msomaji ndiye anayeliziba pengo hilo akilini, jambo ambalo Scott McCloud alilieleza kwa kina katika Understanding Comics (1993). Huko ndiko kufasiri matini, stadi ile ile tunayowadai wanafunzi katika zoezi la ufahamu.

Kwa Kiswahili ipo faida nyingine. Darasani, tanakali za sauti aghalabu hufundishwa kama orodha ya kukariri: anguka pu, tumbukia chubwi, nyamaza ji. Mtihani ukiisha, zimesahaulika. Katika katuni, "chubwi!" huandikwa pale pale mtu anapotumbukia majini. Neno na tendo huingia akilini pamoja.

Nasi wenye mvi tusijifanye. Wengi wetu tulipofungua Taifa Leo tulimtafuta kwanza Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau, ndipo tukarudi kwenye habari za serikali. Je, Kiswahili chetu kiliharibika?

Basi tuwape nini? Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 13, napendekeza New Kid ya Jerry Craft, riwaya ya picha ya kwanza kushinda Nishani ya Newbery nchini Marekani, mwaka wa 2020. Jordan, mvulana mweusi apendaye kuchora, anapelekwa shule ya kibinafsi ambako wanaofanana naye ni wachache. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuhamia shule ya wenye nacho atajiona humo.

Kwa kijana wa miaka 16 na zaidi, ipo Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet, mzaliwa wa Ivory Coast, iliyochorwa na Clément Oubrerie. Tafsiri yake ya Kiingereza inapatikana. Inasawiri maisha ya vijana mtaani Abidjan miaka ya 1970. Ina mambo ya mapenzi, kwa hivyo mzazi atangulie kuisoma.

Kutoka hapo, mvushe hadi riwaya ya maneno matupu. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora inamfuata Kongowea kutoka Tanga hadi Kenya akimsaka babake. Apendaye upelelezi atafurahia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, yenye Bwana Msa.

Bila shaka umetambua kwamba riwaya zote mbili za picha nilizotaja hazikuandikwa kwa Kiswahili. Hilo ndilo linalonikera. Wachoraji tunao, waandishi tunao, lakini wachapishaji wetu hukimbilia kinachotahiniwa. Kijana naye hukimbilia Kiingereza anapotaka burudani, na Kiswahili hubaki lugha ya mtihani tu.

Mzazi mwenzangu, ukienda duka la vitabu, ulizia riwaya ya picha ya Kiswahili. Ukiambiwa haipo, ulizia tena mwezi ujao. Muuzaji akichoka kuulizwa, atamuuliza mchapishaji.