Chanjo Ifike Kaya ya Mwisho

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakastaajabu kuona leo tunazungumzia mbwa wa Tarime. Wilaya hiyo ya Mkoa wa Mara iko mbali, mpakani mwa Kenya, na visiwani mbwa ni wachache. Lakini kichaa cha mbwa hakijali umbali. Pemba inamjua adui huyu. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 zilikata maambukizi kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukaletwa upya, ikalazimu chanjo irudiwe mpaka ukazimwa tena. Usalama wa kisiwa, basi, hautengani na usalama wa kijiji cha bara.

Huko Tarime mbwa ni mlinzi wa ng'ombe na wa nyumba. Mtoto anayechunga huongozana naye, na mbwa akipata kichaa, mtoto huyo yumo hatarini kabla ya mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona. Kabla ya hapo maisha huokolewa: jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na chanjo ianze mara moja.

Hapo ndipo suala la haki linapoingia. Mara nyingi chanjo hiyo haipo katika zahanati ya kijiji. Aliyeumwa husafiri hadi hospitali, pengine huinunua, na kwa kuwa sindano si moja, hurudi tena na tena. Mwenye nacho hulipa siku hiyo hiyo. Maskini huuza mbuzi, hukopa, huchelewa. Kwa hiyo njia rahisi na ya haki zaidi ni kuwachanja mbwa wenyewe, angalau 70 katika kila 100.

Lakini wachanjwe vipi? Kwa desturi gari hufika kijijini siku moja, likasimama mahali pamoja, kisha likaondoka. Katika karatasi vijiji vyote vimehudumiwa sawa. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mwendo ambao kwa mtumishi mwenye gari si kitu, kwa mtoto anayevuta mbwa kwa kamba ni safari nzito, na kitongoji cha mbali hubaki bila kinga.

Mkoani Mara umefanyiwa majaribio utaratibu mwingine. Wataalamu walithibitisha kuwa chanjo moja ya mbwa hubaki na nguvu yake kwa miezi kadhaa nje ya jokofu. Basi ikahifadhiwa vijijini katika mitungi ya udongo inayopozwa kwa maji, chini ya ofisa mifugo wa kata akisaidiwa na mwanakijiji aliyechaguliwa. Hapo chanjo haisubiri gari. Aliyekosa leo huchanjiwa mbwa wake wiki ijayo, na mbwa waliozaliwa baadaye nao hufikiwa.

Tunawaambia viongozi wetu bila kuficha: wastani hudanganya. Tuseme kata imefikia asilimia 70, lakini vitongoji vya barabarani vina 90 na vya milimani vina 30. Ugonjwa utaendelea kuishi huko milimani, na kutoka huko utashuka. Hesabu na ifanywe kwa kila kitongoji, mbwa wachanjwe bila malipo, na chanjo ya binadamu isogezwe karibu na wanaoumwa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza kwa redio, kwa sababu iliwafuata walipo. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Hatutaufikia mwisho huo kwa kuhesabu vijiji ambavyo gari limepita. Tutaufikia kwa kuanza na kaya ambayo gari halijapata kuifikia.