Taya kuvimba wakati wa kula: Vipimo na gharama kwa msafiri wa Kigali

KIGALI. Mfanyabiashara anayeshuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo akitokea Rusumo, Gatuna au Rubavu hula pale anapopata nafasi. Ikiwa kila anapoanza kula upande mmoja wa taya unavimba na kuuma, kisha uvimbe unapungua baada ya mlo, ni rahisi kudhani ni jino au matubwitubwi. Hununua dawa ya maumivu na kuendelea na safari.

Huenda tatizo ni tezi za mate. Mtu ana jozi tatu za tezi kubwa: karibu na masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kijiwe kikiziba mfereji, mate yanayotengenezwa wakati wa kula hukosa pa kupita. Takriban vijiwe 8 kati ya 10 hutokea kwenye tezi za chini ya taya. Kikiachwa, tezi inaweza kutunga usaha, na mgonjwa akapoteza siku nyingi za soko.

Kipimo cha eksirei kinachoonyesha mifereji hiyo huitwa sialografia. Kwanza hupigwa eksirei ya kawaida. Kisha mgonjwa hupewa kitu kichachu, kama ndimu, ili mate yatoke na tundu la mfereji lionekane, chini ya ulimi au ndani ya shavu. Mrija mwembamba huingizwa hapo, dawa yenye iodini husukumwa taratibu na picha hupigwa. Mfereji huonekana kama mti wenye matawi, na penye kijiwe dawa hukwama au hukizunguka.

Mwenye mzio wa iodini au mjamzito aseme mapema. Tezi ikiwa na maambukizi makali, kipimo huahirishwa hadi yatibiwe.

Siku hizi hospitali nyingi huanza na altrasaundi, isiyo na mionzi, au CT-Scan, na sialografia hufanywa mara chache. Hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kulipa nauli.

Rwanda, mgonjwa huanzia kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa kama CHUK. Bima ya Mutuelle huwahudumia wanachama wake. Nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini mpita njia asiye na bima inayokubalika hulipa mfukoni.

Kwa hiyo achukue picha zenyewe pamoja na barua ya daktari, asiridhike na majibu ya mdomo. Akirudi Goma, Ngara au Kabale mikono mitupu, daktari wa huko huenda akaanza upya: mionzi mara ya pili na pesa mara ya pili.

Uvimbe usiopungua hata baada ya mlo, au unaokua kwa wiki kadhaa bila maumivu, usisubiri safari ijayo. Unaweza kuwa uvimbe wa aina nyingine, ikiwamo saratani, na unahitaji daktari mapema.