Umenipiga, na Mahali Je?

Wateja wangu wengi wakijiona kwenye kioo cha kamera huuliza swali moja: "Mbona nimetoka mdogo hivi?" Nawaelewa. Picha za studio zimetuzoesha mtu katikati, pazia nyuma, basi. Lakini mimi naamini kwa dhati kwamba picha ya mtu haiishii usoni. Nafasi inayomzunguka ndiyo inayosema yuko wapi na anafanya nini, nayo yataka kuchaguliwa kwa makini kama uso wenyewe.

Nenda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianzia upande ule mwaka 1989, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Mama ameketi kwenye maji ya kina kifupi, anafunga vishada vya mwani kwenye kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili. Ukimsogelea hadi uso ujaze fremu, utapata uso mzuri lakini shamba limepotea. Ukirudi nyuma mno, amekuwa nukta.

Hapo wengi huhangaika na hatua za mbele na nyuma, wakasahau kimo cha kamera. Mahali tambarare kama pale, mstari wa bahari na anga hukaa sawa na kimo cha lenzi yako. Ukipiga umesimama, mstari unapita juu ya kichwa cha mama na mwili wake wote unazungukwa na maji. Anaonekana yumo ndani ya kazi. Chuchumaa hadi usawa wa kifua chake: kichwa na mabega vinachomoza angani, naye anapata hadhi nyingine kabisa ingawa hukumsogelea. Usawa wa shingo uepuke, maana mstari ule humkata kama kisu.

Kisha tazama anakoelekea. Akiwa ameukabili upande wa kushoto, mwachie nafasi kushoto, mikono na kamba vipate pa kwendea. Kanga nyekundu, hata ikiwa ndogo, hubeba bahari nzima ya buluu. Ila ndoo nyeupe ya plastiki ikijipenyeza pembeni, jicho litakimbilia huko. Kagua kingo zote nne kabla ya kubonyeza. Na kwa lenzi pana ya simu, usimweke mtu pembeni kabisa, utamvuta mwili.

Udogo wa mtu si kasoro. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga picha huko Hyères mwaka 1932: ngazi ya kuzunguka na vyuma vyake vimetawala fremu, na mpanda baiskeli ni mdogo, yuko juu kushoto, amefifia kwa mwendo. Bado ndiye mwenye picha, kwa sababu mipindo ya vyuma vile yote inalipeleka jicho kwake. Mfiche kwa kidole uone: inabaki ngazi tu.

Msomaji, safari ijayo ya kijijini, ukitaka kumpiga picha mama yako, muombe ruhusa, piga ya uso aipendayo, kisha rudi nyuma hatua chache upige nyingine pamoja na shamba lake. Wajukuu watataka kujua alilima wapi.