Mlango wa Kuingilia Mashindano ya Pikipiki

Katika bahari iliyopo baina ya Uingereza na Ayalandi kipo kisiwa kiitwacho Man. Eneo lake ni kilomita za mraba 572 tu, hivyo hata Pemba yetu ni kubwa kuliko hicho, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021 wakazi wake walikuwa 84,069. Kisiwa hicho kina Bunge lake, liitwalo Tynwald, na kinajitungia sheria zake. Jina lake limeenea ulimwenguni si kwa uvuvi wala kwa biashara, bali kwa pikipiki zinazoshindana katika barabara zile zile wanazopita watu wakienda sokoni.

Ndugu msomaji huenda akauliza: mtu wa kawaida, fundi wa magari au mwashi mwenye mke na watoto, hufikaje hata akaipanda pikipiki na kupita mbele ya milango ya watu kwa mwendo wa kilomita mia mbili na zaidi kwa saa, tena kwa fedha zake mwenyewe? Watu wengi hujibu kwamba huo ni wazimu wa ujana. Jibu hilo ni jepesi mno. Wengi wa washindani hao si vijana, na njia waliyoipita hadi kufika hapo ni ndefu, yenye ngazi na vizuizi.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na Serikali. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, magari hayakuruhusiwa kupita mwendo wa maili 20 kwa saa, na kushindana katika barabara za umma kulikatazwa. Mwaka 1904 Tynwald ilipitisha sheria ya kuruhusu barabara za kisiwa zifungwe kwa ajili ya mashindano ya magari, na pikipiki zikafuata. Tarehe 28 Mei, 1907, yalifanyika mashindano ya kwanza ya TT, na waliojipanga kuanza walikuwa 25. Tangu mwaka 1911 mashindano yakahamia njia ya mlima wa Snaefell, ambayo leo mzunguko wake mmoja ni kilomita 60 na ushei, wenye kona zaidi ya 200, kuta za mawe, nguzo za simu na nyumba pande zote mbili.

Haukupita muda mrefu viwanda vya pikipiki vikayatawala mashindano hayo. Mtu aliyenunua pikipiki kwa mshahara wake angewezaje kushindana na mtu anayelipwa na kiwanda? Kwa sababu hiyo, mwaka 1923 yakaanzishwa mashindano ya wasiolipwa, katika njia ile ile ya mlima. Mara ukazuka ubishi ambao kila aliyewahi kukaa katika kamati ya michezo ataufahamu: nani hasa ni mtu asiyelipwa? Je, aliyepewa vipuri bure na mwenye duka amekwisha lipwa? Ubishi haukupata dawa, na mwaka 1930 jina likabadilishwa kuwa Manx Grand Prix. Hata hivyo mashindano hayo yalibaki kuwa mahali pa wanaoanza na wanaojigharimia, na mabingwa wengi wa TT walijifunzia hapo.

Wenye kuingia, aghalabu hawaanzi kwa kuendesha. Mtoto hupelekwa na baba yake ugoni mwa barabara, akasikia mngurumo kabla hajaiona pikipiki yenyewe. Baadaye hushika spana katika kibanda cha nyuma ya nyumba ya ami au jirani. Huosha minyororo, hubadilisha oili, husafiri ndani ya gari la mizigo pamoja na mshindani na hulala humo humo. Huyo amekwisha ingia, ijapokuwa mwenyewe bado hajui.

Wengine huingia kwa mlango wa kujitolea. Mashindano hayawezi kuanza mpaka mamia ya wasimamizi wametandazwa katika mzunguko mzima, na watu hao hawalipwi mshahara. Wamo walimu, makarani, wakulima na wauguzi. Hufundishwa maana ya bendera, namna ya kumhudumia aliyeanguka, na namna ya kumzuia mpita njia asivuke barabara iliyofungwa. Nathubutu kusema kwamba mtu aliyekaa siku nzima katika kona moja, akaona wenye ujuzi wanaifungia breki wapi na wanaingia kwa upande upi, amepata darasa lisilouzwa dukani. Amejifunza pia, na hili ni zito zaidi, jinsi mwili wa binadamu unavyokuwa baada ya kugonga ukuta.

Anayetaka kupanda mwenyewe hatumwi mlimani moja kwa moja. Kwanza hujiunga na klabu, kisha huhudhuria mafunzo na kuomba leseni ya mashindano, ambayo ni mbali na ile ya polisi. Katika mbio za klabu, anayeanza huvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili wengine wamtambue na wamwachie nafasi. Kisiwani Man wengi wameanzia Jurby, uwanja wa ndege wa zamani wa vita, ambako aliyekosea huteleza kwenye nyasi badala ya kugonga nyumba ya mtu. Kwa miaka mizima hukusanya matokeo, na ndipo leseni hupandishwa daraja. Gharama nazo hupanda: matairi, mafuta, suti ya ngozi, nauli ya meli. Wapo waliouza magari yao ili wanunue injini, na mke wa mtu kama huyo anastahili naye kuandikwa gazetini.

Mgeni wa njia ya mlima huzungushwa kwanza kwa gari pamoja na mwendeshaji mzoefu, na mzunguko wake wa kwanza wa mazoezi huongozwa kwa mwendo uliopimwa. Mashindano yenyewe ni ya kushindana na saa, kwani washindani huondoka mmoja mmoja. Mgeni anaweza kwenda polepole bila ya aibu, lau moyo wake utakubali.

Taratibu zote hizo hazikuondoa kifo. Tangu mwaka 1911 wamekufa zaidi ya watu 260 katika njia ya Snaefell, mazoezini na mashindanoni, na katika TT ya mwaka 2022 peke yake walikufa sita. Alipokufa Mtaliano Gilberto Parlotti mwaka 1972, mabingwa kadhaa wa dunia, Giacomo Agostini akiwa mmoja wao, walikataa kurudi. Baada ya mwaka 1976 TT iliondolewa katika orodha ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Serikali ya kisiwa haikufunga mlango, na katika mashindano ya mwaka 1977 alijitokeza mshindi mpya, Joey Dunlop wa Ballymoney, Ayalandi ya Kaskazini, aliyeanza mwaka 1969 kwa pikipiki ndogo iliyokwisha tumika. Alishinda TT mara 26, kisha akafa mashindanoni Estonia mwaka 2000.

Nyumba hiyo ya Dunlop inaonyesha jinsi mlango huo unavyorithiwa. Robert, mdogo wake Joey, naye alishindana, akafa mazoezini mwezi Mei 2008. Siku mbili baadaye mwanawe Michael alipanda pikipiki mahali pale pale alipokufa baba yake, akashinda. Mwandishi huyu ameshindwa kuamua kama huo ni ushujaa au ni ukaidi, na hadhani kwamba kuna sheria inayoweza kulipima jambo hilo. Mwaka 2024 Michael aliipita hesabu ya ushindi ya ami yake. Wakati huo kaka yake, William, alikuwa amekwisha fariki miaka sita nyuma, katika mazoezi ya mbio za barabarani za Skerries.