Weusi wa Kulinda na Weusi wa Kung'oa: Utangulizi wa Elimu ya Wavu wa Kuchomea Nyama

Katika vibanda vya nyama choma vya Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu, hakuna chombo kinachofanya kazi kubwa kama wavu wa jiko, na hakuna kinachoulizwa habari zake kidogo kama huo. Mteja atauliza mbuzi amechinjwa lini, atachagua paja au mbavu, atabishana kidogo kuhusu bei, kisha atakaa chini na kupaza sauti, "Mura, geuza hiyo isiungue!" Wavu wenyewe hautajwi mpaka siku utakapokatika. Kurasa zinazofuata zinamkaribisha msomaji kwenye elimu inayouanza mjadala hapo: elimu ya ngozi ya chuma, yaani tabaka lile jembamba la juu ambalo moto, mafuta, chumvi na mvua hupigania kila siku.

Elimu hii haina idara yake katika chuo chochote. Mkemia ana kipande chake, fundi wa kuchomelea ana chake, mhifadhi wa vyuma vya makumbusho ana chake, na mchomaji ana kipande kikubwa kuliko wote ingawa hajawahi kuambiwa kwamba ni elimu. Kazi ya utangulizi ni kuwakalisha meza moja. Nitafanya hivyo kwa swali moja ambalo, kwa maoni yangu, likijibiwa vizuri mengine yote hufuata: weusi ulioko juu ya wavu wako ni weusi gani?

Watu wengi hudhani ni uchafu. Hudhani pia kwamba wavu safi ni ule unaong'aa kama ulivyotoka kwa fundi, na wakipata nafasi huusugua kwa msasa mpaka chuma kionekane cheupe. Huko ni kuuvua nguo. Chuma kitupu kikikaa nje usiku mmoja wa masika katika miinuko ya Tarime, asubuhi kina wekundu. Juu ya wavu uliotumika kuna weusi wa aina tatu, na kila mmoja una tabia yake.

Weusi wa kwanza ni wa mafuta na nyama vilivyoungua. Ni mnene, una mabonge, ukiukwangua kwa kisu unatoka vipande vinavyovunjika. Huu ndio wa kung'oa. Chini yake hujificha unyevu na chumvi, nao ukishika moto tena hutoa moshi mchungu unaoipaka nyama masizi. Ndani ya moshi wa mafuta yanayoungua kuna kemikali za jamii ya benzopireni, ambazo wataalamu wa saratani wanazifahamu vizuri, na hilo peke yake latosha kumfanya mchomaji akwangue wavu wake kabla ya mbuzi wa kwanza wa jioni.

Weusi wa pili haukwanguki. Ni mwembamba, laini, unang'aa kidogo ukiulalia pembeni na kuutazama kwenye mwanga. Huu ni mafuta yaliyoshikana kwa joto mpaka yakawa utando mgumu, yaleyale yanayotokea kwenye kikaangio cha chuma cha bibi. Si mafuta yote yanayoshikana hivyo. Mafuta ya alizeti yana asidi nyingi ya linoleiki, ambayo hushikamana upesi na kukauka. Mafuta ya ng'ombe, ambayo mkoani Mara hayakosekani, yana asidi zilizotosheka. Huyeyuka, hutiririka, hurudi kuganda, lakini utando wa maana hayajengi. Ndiyo sababu wavu uliopakwa mafuta hayo kila siku kwa nia njema bado huota kutu pembeni.

Weusi wa tatu ni chuma chenyewe. Chuma kikipashwa moto hewani hujivika oksaidi, na ile nyeusi iitwayo magnetaiti hung'ang'ania vizuri na kukilinda kilicho chini yake. Hapa inafaa msomaji akae na namba moja: nyuzi 570 za Selsiasi. Chini ya hapo, chuma hujijengea tabaka la magnetaiti na juu yake hematiti, nalo hukua taratibu. Kupita hapo, huzaliwa oksaidi ya aina nyingine, inayokua haraka, nene, yenye mipasuko, na wavu ukipoa hubanduka magamba magamba. Kila gamba linaloanguka ni sehemu ya nondo iliyoondoka. Huna haja ya kipimajoto kuliona hilo. Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani karibu na joto hilohilo. Mchomaji anayewasha feni chini ya mkaa ili mteja wa Nyamongo aliyetoka zamu asisubiri, akauona wavu wake umekuwa mwekundu, ajue anachoma nyama na wavu kwa pamoja.

Kwa hiyo wavu mmoja una maeneo mawili ya utawala. Katikati, juu ya mkaa mkali, utando wa mafuta hauishi. Huungua kila usiku, na ulinzi hubaki mikononi mwa magnetaiti. Pembeni, ambako joto ni la wastani, utando wa mafuta ndio mlinzi. Ushauri wowote unaousema wavu kana kwamba ni kitu kimoja kuanzia ukingo hadi ukingo haumsaidii mtu, na ushauri wa namna hiyo ni mwingi.

Turudi kwa adui. Kutu huhitaji maji na oksijeni, basi. Lakini chumvi huifanya iende mbio. Desturi ya kuinyunyizia nyama maji ya chumvi na ndimu ikiwa juu ya moto ni tamu mdomoni na kali kwa chuma: kloridi hutoboa tabaka la oksaidi, asidi ya ndimu huliyeyusha. Kisha jiko huzimwa, majivu hubaki, na majivu hupenda maji. Yana kaboneti ya potasiamu, ambayo huvuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua. Majivu yenye chumvi yakikaa kwenye maungio ya wavu usiku kucha ni kitambaa kibichi kilichofungwa shingoni mwa chuma. Wachomaji wa Mugumu, wanaodhani ukavu wa upande wa mbuga utawaokoa, nao hukuta kutu palepale: kwenye kiungio.

Na kiungio kinatuleta kwa fundi. Watu wa Kanda ya Ziwa si wageni wa chuma. Ng'ambo ya ziwa, Kagera, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba wahunzi wale walipasha hewa joto kabla haijaingia motoni. Wenzao wameibishia hoja hiyo tangu hapo, na ubishi huo ni shule nzuri kwa anayeanza. Wavu wa leo, hata hivyo, hutoka kwa fundi wa kuchomelea, naye huununua mwili wake dukani: nondo za ujenzi. Nondo nyingi za hapa nchini ni chuma chakavu kilichoyeyushwa upya, hivyo ndani yake kuna shaba kidogo na vingine vya mabaki ya magari na mashine. Nondo mbili za unene mmoja zaweza kuzeeka tofauti kabisa. Mwulize fundi jambo moja tu: je, amegonga na kuondoa gamba la kioo linalobaki juu ya mshono baada ya kuchomelea? Asipoliondoa, maji hupenya chini yake na mshono huoza kabla ya nondo.

Kuna vyuma ambavyo havifai kuwa wavu, na hapa sina upole. Rafu za friji bovu zinapendwa kwa sababu zina umbo tayari na hazina gharama. Baadhi ya rafu za zamani zilipakwa kadimiamu. Kadimiamu huyeyuka kwenye nyuzi 321 na huchemka kwenye 767, joto ambalo mkaa unaopulizwa hulipita bila shida. Mvuke wake huumiza mapafu, na kilichobaki mwilini huishia kwenye figo. Waya wa kufugia kuku na mabati vimepakwa zinki, inayoyeyuka karibu nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907. Anayevuta moshi wa zinki hupata homa na kutetemeka saa chache baadaye, na mafundi wengi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo kwa miili yao. Hakuna kuupaka wavu wa aina hiyo mafuta ili utulie. Usitumike.

Wengine watauliza kuhusu chuma cha pua. Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913, na siri yake ni kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, inayojivika oksaidi nyembamba isiyoonekana. Sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio bovu itakusaidia: aina yenye kromiamu 18 na nikeli 8 kwa mia karibu haivutwi. Aina nyingine za chuma cha pua huvutwa, kwa hiyo sumaku inaweza kukuthibitishia lakini haiwezi kukukatalia. Ni kizuri, ni ghali, na katika kibanda cha kawaida nondo nene iliyotunzwa hainipi sababu ya kukililia.

Kusafisha, sasa. Fanya kazi wavu ukiwa bado moto, mabonge yakiwa laini. Gunzi la mahindi lililoshikwa kwa koleo, na majivu yaliyochekechwa kama unga wa kusugulia, hufanya kazi kubwa: majivu yana ualkali unaogeuza mafuta kuwa sabuni. Hakikisha tu unayafuta yote baadaye. Brashi ya waya ninaiogopa. Mwaka 2012 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza habari za wagonjwa 6 wa hospitali moja ya Providence, Rhode Island, waliomeza nyuzi za brashi za kusafishia majiko ya kuchomea. Wengine waliumia kooni, wengine matumboni. Uzi wa waya hauonekani katikati ya mbavu za mbuzi. Ukilazimika kuitumia brashi, upanguse wavu kwa kitambaa kibichi kabla ya nyama.

Wavu uliokwisha kuliwa na kutu nyekundu hufufuliwa kwa umeme, na hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote katika elimu hii. Beseni la plastiki, maji, magadi soda ya dukani kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4, na betri ya sola ya volti 12. Magadi ghafi ya Ziwa Natron yaache kando. Yana chumvi ndani yake. Unganisha wavu kwenye ncha hasi na kipande cha chuma chakavu kwenye ncha chanya, visigusane. Mapovu huanza upande wa wavu, kutu hulegea na kugeuka tope jeusi linalofutika, na chuma kizima hakiguswi, tofauti na siki au asidi ya betri ambazo hula vyote. Mapovu hayo ni haidrojeni, kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na moto na sigara. Kipande cha ncha chanya kamwe kisiwe chuma cha pua, kwa maana huyatia maji kromiamu yenye sumu.

Wavu ukitoka hapo u uchi. Usuuze, ukaushe juu ya mkaa mdogo saa hiyohiyo, upake alizeti kwa kitambaa, kisha uyafute mafuta yote kana kwamba umejuta kuyapaka. Joto la nyuzi 200 na zaidi kidogo, mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne. Anayepaka mengi kwa mkupuo hupata gundi.

Msomaji atakayetaka kuanza leo aombe kwa fundi vipande viwili vya nondo. Kimoja akipake alizeti na kukipasha moto kama nilivyoeleza, kingine akipake mafuta ya ng'ombe na kukipasha vilevile, avifunge kwa uzi na kuvitundika uwani mvua za vuli zinapoanza. Kila wiki aandike anachokiona, akianza kutazama pale uzi ulipozunguka, kwa sababu maji hukawia hapo kuliko kwingine.